Kabla ya Kupanda Ndege: Mimba, Sheria na Mabinti Zetu Ughaibuni

Mhadhara kwa wakufunzi wa kozi za maandalizi ya safari, wahudumu wa afya, viongozi wa dini na wazazi, Mombasa



Nimeombwa nizungumzie usalama wa vijana wetu wanaokwenda kutafuta riziki nje ya nchi. Habari za pasipoti zinazofungiwa kabatini, mishahara inayocheleweshwa na kazi isiyojua usiku wala mchana mmekwisha kuzisikia mara nyingi. Mimi nitasema juu ya jambo ambalo huwa tunalipita kwa haraka, na mara nyingine kwa kuinamisha macho. Binti yuko nchi ya watu, na mimba imeingia. Sheria ya huko inamchukuliaje? Akitokwa na damu usiku, aende wapi? Na sisi tuliomsindikiza mpaka uwanja wa ndege, tulimwambia nini?

Najua uzito wa neno kutoa mimba katika ukumbi kama huu. Wapo wanaoamini ni dhambi isiyo na udhuru, na wapo wanaoamini uamuzi ni wa mwanamke mwenyewe. Nawaheshimu wote, na sikuja kuwasuluhisha. Nimekuja na dai moja ambalo naamini tunaweza kulibeba pamoja: binti anayevuka mpaka anastahili kuijua sheria anayoingia chini yake, na anastahili kuijua kabla hajaondoka, kwa lugha anayoielewa, kutoka kwa watu anaowaamini. Leo hii wengi wao wanaijua siku ya kukamatwa.

Sheria tunayoiacha nyumbani

Tuanzie kwetu, kwa sababu wengi hudhani wanaijua sheria ya nyumbani kumbe wanajua uvumi wake.

Kenya, Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 26(4), inakataza utoaji mimba, kisha inaweka milango: pale ambapo mhudumu wa afya aliyehitimu anaona pana haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Wakati huohuo Kanuni ya Adhabu tuliyoirithi kwa mkoloni bado ipo, na inataja kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba na hadi miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe. Juni 2019, jopo la majaji 5 wa Mahakama Kuu lilitoa hukumu katika kesi iliyofunguliwa na chama cha mawakili wanawake, FIDA, kwa ajili ya msichana aliyebakwa akiwa na miaka 14, akapata matatizo baada ya kutolewa mimba kienyeji, na hatimaye akafariki. Majaji walisema mwanamke aliyebakwa anaweza kupata huduma hiyo iwapo mhudumu aliyehitimu anaona afya yake, ya mwili au ya akili, imo hatarini. Likumbukeni jambo hili, maana linawahusu mabinti wanaorudi kutoka ughaibuni na mimba wasiyoitaka.

Tanzania mlango ni mwembamba zaidi: sheria inamlinda daktari anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama. Nchi hiyo iliridhia mwaka 2007 Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika unaotaja ubakaji, maharimu kuingiliana na hatari kwa afya ya mama kuwa sababu za kuruhusu, lakini Kanuni ya Adhabu haikubadilishwa kufuata itifaki hiyo. Hata hivyo, kumtibu mwanamke ambaye mimba yake imeharibika, kwa sababu yoyote ile, ni halali, na hospitali hazipaswi kumfukuza. Rwanda iliandika upya sheria yake mwaka 2018, ikaondoa sharti la kupata kwanza amri ya mahakama kwa aliyebakwa au aliyeozwa kwa nguvu.

Kwa hiyo binti wa Kwale, wa Tanga au wa Kigali anaondoka na sheria ya kwao kichwani, kama anaijua. Akitua, sheria hiyo haimfuati. Sheria inayomtawala ni ya ardhi anayoikanyaga, na uraia wake haumpi kinga.

Ghuba: pale mimba yenyewe inapokuwa ushahidi

Wengi wetu tuna ndugu Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Qatar, Oman au Kuwait. Niseme wazi kwamba nchi hizi hazifanani, na sheria zake zinabadilika. Anayewafundisha wasafiri kwamba "Uarabuni ni kumoja" anawadanganya.

Saudi Arabia, kufanya mapenzi nje ya ndoa ni kosa la jinai, na mimba ya mwanamke asiye na mume inaweza kuchukuliwa kuwa ushahidi wa kosa hilo. Utoaji mimba unaruhusiwa kwa sababu finyu za kitabibu, hasa pale maisha ya mama yanapokuwa hatarini, na mfumo mzima umejengwa juu ya dhana kwamba mgonjwa ana mume wa kutia saini. Mfanyakazi wa ndani aliyebakwa na mtu wa nyumba anayoishi anajikuta mahali pagumu kuliko pote: akishtaki bila ushahidi unaotosha, anaweza kugeuziwa shtaka la zinaa. Ndiyo maana wengi wananyamaza, na ukimya huo huendelea mpaka tumbo liseme.

Falme za Kiarabu zimebadilika. Kanuni mpya ya makosa ya jinai iliyoanza kutumika Januari 2022 imeacha kuwashtaki watu wazima waliokubaliana, isipokuwa mume, mke au mlezi alalamike. Mtoto akizaliwa nje ya ndoa, wazazi wanatakiwa kuoana au kumtambua mtoto na kumpatia hati. Wasipofanya hivyo, kuna kifungo. Mwaka 2024 baraza la mawaziri la nchi hiyo lilitoa kanuni inayoruhusu kutoa mimba iliyotokana na kubakwa au na maharimu, ikiwa haijapita siku 120. Sharti moja linatuhusu sana: mwanamke awe ameishi nchini humo angalau mwaka mmoja. Binti aliyefika miezi 4 iliyopita, ambaye ndiye mgeni kuliko wote na hajui hata jina la mtaa anaoishi, amebaki nje ya mlango huo.

Qatar, kanuni ya adhabu ya mwaka 2004 inaadhibu mapenzi nje ya ndoa, na inamhukumu mwanamke anayejitoa mimba kifungo cha hadi miaka 3. Oktoba 2020 dunia ilishtuka pale mtoto mchanga alipokutwa ametupwa kwenye chombo cha taka katika uwanja wa ndege wa Hamad, Doha, na abiria wanawake wakateremshwa kwenye ndege wakakaguliwa maungoni kwa lazima. Magazeti yaliandika sana juu ya abiria wale, na ni haki yaandike. Lakini nyuma ya tukio lile alikuwepo mama aliyejifungua peke yake, na serikali ya Qatar ikasema baadaye kwamba alikuwa mhamiaji kutoka Asia. Mwanamke hafiki kuzalia uwanja wa ndege kwa kupenda. Anafika hapo kwa sababu kila mlango mwingine aliuona una askari.

Dirisha la mapokezi

Niwaonyeshe jinsi sheria hizi zinavyogusa mwili wa mtu. Binti anafika hospitalini Riyadh akiwa ameshika tumbo. Kwenye dirisha la mapokezi karani anamwomba iqama, yaani kitambulisho chake cha ukaazi, na akishajulikana ni mjamzito, anaombwa cheti cha ndoa. Iqama huenda iko kwa kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini. Kama alitoroka kwa sababu ya mateso, kafili amekwisha kumripoti huroob, maana yake hana tena ruhusa ya kuwa nchini, na amejiunga na wale ambao wenzetu wa Kenya huwaita kemboi, wanaolala wengi chumba kimoja na kufanya vibarua vya siku. Cheti cha ndoa hana. Mbele yake kuna njia mbili: ageuke aondoke na maumivu yake, au abaki na polisi waitwe.

Akigeuka, anajifungulia chumbani, mkononi mwa rafiki asiyejua ukunga. Mtoto akizaliwa hivyo hana cheti cha kuzaliwa, na bila cheti hana pasipoti, na bila pasipoti na ruhusa ya kutoka hapandi ndege. Hivi ndivyo walivyopatikana akina mama wa Kenya waliokwama Saudi Arabia miaka na watoto wao, hadi mwaka 2023 serikali ya Kenya ikatuma maofisa kuchukua vipimo vya DNA ili kuthibitisha kwamba watoto ni wa mama zao. Mama aliyemzaa mwanawe kwa uchungu anaambiwa athibitishe kwa maabara kuwa ni wake. Na hata vipimo vikichukuliwa, karatasi hazitembei kwa kasi ya njaa ya mtoto.

Na yule asiyetaka kuzaa? Anatafuta vidonge kwa siri, kwa namba ya simu aliyopewa na mtu, bila kujua ni dawa gani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya utoaji mimba wote duniani si salama. Ukosefu huo wa usalama hautokani na tiba yenyewe, maana dawa zinazotumika zimo katika orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu tangu mwaka 2005. Hatari inatokana na dawa bandia, na vipimo vya kubahatisha, na hasa kuogopa kwenda hospitali damu inapozidi. Katika nchi za Ghuba kuna hatari nyingine juu ya hizo: dawa hizo zinadhibitiwa, na kukutwa nazo kunaweza kuwa kesi peke yake.

Safari za upande mwingine

Sio vijana wote wanaokwenda Ghuba. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamiaji na kazi, na wauguzi wetu wanaajiriwa Uingereza. Huko nako sheria hazifanani. Uingereza, sheria ya mwaka 1967 inaruhusu hadi wiki 24 kwa idhini ya madaktari wawili. Ujerumani, jambo hili bado limeandikwa katika kanuni ya adhabu, ila mwanamke haadhibiwi ikiwa hazijapita wiki 12 tangu mimba itunge, amepata ushauri katika kituo kinachotambuliwa na amesubiri siku 3 baada ya ushauri huo. Msichana aliyekwenda kulea watoto katika familia ya Kijerumani, anayehesabu wiki kwa vidole na haijui lugha, anaweza kupoteza muda wote huo kwa kutojua kwamba kituo cha ushauri ndicho mlango wa kwanza. Ufaransa imeuingiza uhuru huu katika katiba yake Machi 2024. Poland na Malta zimefunga karibu milango yote. Marekani, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Juni 2022, sheria inabadilika ukivuka tu mpaka wa jimbo, na mwanafunzi wetu aliyeko Texas haishi chini ya sheria ya mwenzake wa New York.

Kinachotofautisha Berlin na Riyadh, kwa binti aliye peke yake, ni kwamba Berlin akiuliza swali hakamatwi. Lakini pote pawili lazima ajue la kuuliza.

Dini haikunyamaza

Masheikh wangu, naomba niseme kwa adabu. Wapo wanaodhani kwamba tukifungua mjadala huu tunaitupa dini. Vitabu vya fiqhi vimelijadili jambo hili kwa karne nyingi. Wanazuoni wametofautiana juu ya mimba iliyo kabla ya siku 120, muda unaotajwa kuwa wa kupuliziwa roho: wapo walioruhusu kwa udhuru, na wapo waliokataza tangu mwanzo. Baada ya muda huo wamekubaliana kuharamisha, isipokuwa uhai wa mama uwe hatarini. Mwaka 1990 baraza la fiqhi lenye makao yake Makka liliruhusu, kabla ya siku 120, pale jopo la madaktari linapothibitisha kasoro kubwa isiyotibika kwa mtoto. Hizo siku 120 katika kanuni za Falme za Kiarabu hazikuokotwa barabarani. Na katika Ukristo pia, makanisa hayasemi kwa sauti moja.

Siwaombi mbadilishe fatwa wala mafundisho. Nawaomba mseme mimbarini na madhabahuni mambo mawili ambayo hayana ubishi katika dini yoyote iliyomo humu: aliyebakwa hana dhambi, na anayetokwa na damu atibiwe kwanza.

Na tusijifanye kwamba kuwafunga wajawazito ni desturi ya mbali. Zanzibar, sheria ya mwaka 1985 ilimfunga mwanamke asiye na mume aliyepata mimba hadi miaka 2. Mwaka 2005 sheria hiyo ikabadilishwa, kifungo kikaondolewa, ukawekwa utumishi wa jamii. Visiwa havikuzama. Waislamu walewale, misikiti ileile, wakaona kwamba jela haikuwa ikimfaa mama wala mtoto.

Kinachofundishwa na kisichofundishwa

Sasa niingie darasani, maana wakufunzi mko hapa. Ukienda kwenye kozi ya maandalizi utakuta jiko la umeme, mashine ya kufulia, pasi ya mvuke na kitanda cha kujifunzia kutandika. Wasichana wanafundishwa kusema shukran na hadhir, kutenganisha nguo nyeupe na za rangi, kumwogesha mzee asiyejiweza. Haya ni mazuri. Kisha wanapelekwa kupimwa katika kliniki zinazotambuliwa na nchi za Ghuba, na kipimo cha mimba ni sehemu ya vipimo hivyo. Akionekana mjamzito, hasafiri.

Tazameni kinachoweza kutokea hapo. Binti amekopa nauli ya kutoka kijijini, mama ameuza mbuzi, ajenti amekwisha kugharamia karatasi. Majibu yanarudi: una mimba. Anarudishiwa fomu, basi. Hakuna aliyemkalisha chini. Akienda kwa mganga wa kichochoroni jioni ile ili aiwahi ndege, tutamlaumu yeye, wakati kliniki yetu ndiyo iliyomkabidhi habari nzito kuliko zote na kumwonyesha mlango. Kliniki inayopima mimba iwe na muuguzi wa kushauri. Sheria haihitaji kubadilishwa ili jambo hilo lifanyike kesho asubuhi.

Na kwa wale wanaosafiri, nayataja manne ya kufundishwa bila kuona haya.

La kwanza ni uzazi wa mpango. Mkataba wa kazi za ndani kwa kawaida ni wa miaka 2. Sindano inadumu miezi 3, na baada ya hapo nani atamchoma ya pili akiwa amefungiwa ndani? Kijiti kinadumu miaka 3 au 5, na kitanzi cha shaba zaidi ya hapo. Anayechagua njia ya muda mrefu akiwa nyumbani anakwenda amekwisha kujikinga na mimba kwa mkataba mzima, hata na mimba ya kubakwa. Wazazi, hili si ruhusa ya uasherati. Mnamkinga na mtu msiyemjua ambaye mtamkabidhi kwake.

La pili ni saa za mwanzo baada ya kubakwa. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba, ambayo wengi mnaiita P2, inafanya kazi ndani ya siku 5, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyofaa. Haitoi mimba iliyokwisha kutunga. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Binti ajue saa hizo kama anavyoijua saa ya kutoa chakula.

La tatu ni dalili za hatari: damu inayolowesha pedi moja baada ya nyingine, homa, maumivu makali ya tumbo, kizunguzungu. Hizo si za kusubiri. Ajue pia kuwa mimba huharibika yenyewe kwa wanawake wengi, walioolewa na wasioolewa, na kwamba aliye hatarini anahitaji daktari kabla ya maelezo.

La nne ni kumjua wa kumpigia. Namba ya ubalozi, ya ajenti na ya ndugu mmoja asiyefoka ziwe kichwani, kwa sababu simu hunyang'anywa. Mimba inayojulikana mapema, ubalozi ukaingilia kati, inaweza kumalizikia kwa tiketi ya kurudi nyumbani. Mimba iliyofichwa miezi 9 humalizikia chumbani au kituo cha polisi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Wajibu wetu

Fedha za binti huyu zinajenga nyumba Likoni na Kisauni, zinalipa karo, na serikali huzihesabu kwa fahari katika taarifa za mapato ya nje. Anayepokea jasho lake awe tayari kupokea na shida yake.

Kwa serikali nasema hivi. Mikataba ya kazi mnayotia saini na nchi hizo itaje kwa maandishi kwamba mfanyakazi aliyedhulumiwa kingono anapata daktari, mwakilishi wa ubalozi na safari ya kurudi bila kufunguliwa kesi ya zinaa. Kila ubalozi uwe na mwanamke ofisa anayezungumza Kiswahili, ambaye kazi yake ni hiyo. Mtoto aliyezaliwa ughaibuni na mama Mkenya ni Mkenya kwa kuzaliwa, Katiba imesema. Basi hati yake isichukue miaka.

Kwa hospitali za hapa: binti akishuka kwenye ndege na mimba ya ubakaji, mwambieni ukweli wa sheria ya Kenya, mchunguzeni mwili na akili, na mhudumu aliyehitimu aamue kwa taaluma yake. Binti akiamua kuzaa, mhudumieni kwa heshima ileile. Anayezaa na asiyezaa, wote ni wagonjwa wenu.

Kwa ajenti: uliyepokea kamisheni una jina na ofisi. Simu ya usiku ya binti huyu ipokee.

Na kwa mzazi, ninalokuomba halina gharama. Kabla binti yako hajaondoka, mwambie kwa mdomo wako mwenyewe kwamba likimfika lolote, hata hilo, arudi nyumbani. Wengi wanaojificha Riyadh na Doha hawaogopi polisi peke yake, wanamwogopa baba. Hofu ya polisi itatuchukua miaka kuiondoa, kwa mikataba na mabunge. Hofu ya baba inaweza kuondoka leo, kabla hatujatoka ukumbini, na nawasihi iondoke leo.